Grace Hopper: Mwanamama aliyeifundisha kompyuta lugha ya biashara

KARANI wa mizani anayepokea kahawa ya maganda katika chama cha msingi, awe Ihembe wilayani Karagwe au kwingineko nchini, leo anaweza kuchagua jina la mkulima kwenye simu, kuandika kilo na kubonyeza kitufe. Si lazima awe amesomea kompyuta. Hata aliyetengeneza fomu hiyo huenda hakuandika mstari mmoja wa programu, bali alipanga tu vipande vilivyokwisha kutayarishwa na wengine.

Uwezo huo una historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo inabeba jina la mwanamama wa Kimarekani, Grace Murray Hopper, mwalimu wa hisabati aliyegeuka kuwa mwanajeshi wa majini. Alifariki dunia Januari 1, 1992, akiwa na umri wa miaka 85.

Hopper hakuwahi kulima kahawa wala kufungua duka la pembejeo. Hata hivyo, swali lililomsumbua kwa zaidi ya miaka 40 ndilo linalovikabili leo vyama vya ushirika, maduka na wanunuzi wa maharage mkoani Kagera: je, mtu anayeijua biashara yake lakini haijui kompyuta, ni lazima aishi kwa kumtegemea fundi?

Saa zilizofunguliwa

Grace alizaliwa Desemba 9, 1906 jijini New York, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu. Akiwa na umri wa miaka saba alitaka kujua saa ya kengele inafanyaje kazi, akaifungua. Iliposhindikana kuirudisha alifungua ya pili ili aone ilivyopangwa, kisha ya tatu, hadi akazimaliza saa zote za nyumbani. Mama yake alipogundua hakumzuia kabisa, bali alimruhusu kubaki na saa moja ya kuchezea.

Baba yake alikuwa akifanya biashara ya bima. Ugonjwa wa mishipa ya damu ulisababisha akatwe miguu yote miwili, na kwa kuwa hakuwa na hakika ya kuwaachia watoto wake mali, aliamua kuwaachia elimu. Wasichana wake wawili walitakiwa kusoma sawasawa na kaka yao. Uamuzi huo haukuwa wa kawaida Marekani wakati ule, na hata katika vijiji vingi vya kwetu, ambako kibanja hurithiwa na mtoto wa kiume, bado una la kuwafundisha wazazi.

Mwaka 1928 Grace alihitimu hisabati na fizikia katika Chuo cha Vassar. Mwaka 1930 alipata shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Yale, mwaka huo huo akaolewa na Vincent Hopper. Mwaka 1934 Yale ilimpa shahada ya udaktari wa hisabati. Wakati huo alikuwa tayari anafundisha Vassar, kazi aliyoianza mwaka 1931.

Angeweza kuendelea hapo hadi kustaafu, lakini vita ikaingia. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Pili mwishoni mwa mwaka 1941, Hopper aliomba kujiunga na Jeshi la Majini. Alionekana ana umri mkubwa, na uzito wake ulikuwa pungufu kwa takriban kilo saba. Isitoshe, walimu wa hisabati walihesabiwa kuwa watu wa lazima huko huko vyuoni. Hakukata tamaa. Aliomba vibali maalumu, akavipata, na Desemba 1943 akaapishwa.

Makosa ya kunakili

Julai 1944 alipangiwa kazi Chuo Kikuu cha Harvard, penye mashine iliyoitwa Mark I. Ilikuwa na urefu wa zaidi ya meta 15. Maagizo yake yalitobolewa kama matundu kwenye utepe wa karatasi, na kila tundu lilikuwa na maana yake. Tundu moja likikosewa, jibu zima linaharibika.

Hopper na wenzake waligundua kwamba hesabu nyingi zinajirudia, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na daftari lenye vipande vya maagizo vilivyokwisha kujaribiwa. Mmoja akihitaji kipande, alikinakili kutoka daftari la mwenzake. Hapo ndipo tatizo lilipojitokeza. Watu waliosoma hadi vyuo vikuu walikuwa wakikosea kunakili, wakisoma herufi moja kama nyingine, au namba moja mahali pa nyingine.

Tatizo hilo haliwezi kuwa geni kwa mkulima wa Ihembe. Karani anapima gunia, anaandika kwenye stakabadhi, kisha jioni anahamishia kwenye leja, na mwisho wa juma leja inanakiliwa kwenye taarifa ya kwenda chama kikuu. Tuchukue mfano kwamba kilo 374 zimeandikwa 347. Kwa bei ya mfano ya Sh3,000 kwa kilo, mkulima huyo amepoteza Sh81,000, na hakuna aliyemwibia. Kalamu tu imeteleza.

Hitimisho la Hopper lilikuwa kwamba kazi ya kunakili haimfai binadamu bali inaifaa mashine. Wazo hilo alilibeba miaka kadhaa kabla hajapata nafasi ya kulifanyia kazi.

Mwaka 1947, kikosi hicho kikiwa na mashine ya pili iitwayo Mark II, mafundi walimkuta nondo amenasa ndani ya swichi na kuisimamisha kazi. Walimbandika kwenye kitabu cha kumbukumbu za siku hiyo, Septemba 9, na ukurasa huo umehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho mjini Washington. Hopper aliisimulia hadithi hiyo mara nyingi hata watu wakadhani ndiye aliyemkuta nondo huyo, jambo ambalo si kweli. Lakini tabia ya kuandika kila hitilafu, siku na saa yake, aliisisitiza maisha yake yote.

Miaka hiyo haikuwa ya furaha tupu. Ndoa yake ilivunjika mwaka 1945, Harvard haikumpa ajira ya kudumu, na akaingia katika ulevi uliofikia kumkamatisha polisi mwaka 1949. Marafiki waliokuwa karibu naye walimshika mkono, akainuka.

Kitabu cha hundi kisicholingana

Mwaka huo huo wa 1949 alijiunga na kampuni ndogo ya Eckert na Mauchly mjini Philadelphia, iliyokuwa ikitengeneza kompyuta ya biashara iitwayo UNIVAC. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ilinunuliwa na Remington Rand.

Wakati huo maagizo ya kompyuta yaliandikwa kwa namba, tena si namba za kawaida za kumi kumi bali zinazohesabiwa kwa nane nane. Hopper alizizoea mno. Baadaye kitabu chake cha hundi cha benki kikakataa kulingana miezi kadhaa mfululizo. Ilibidi mdogo wake wa kiume, aliyekuwa mtu wa benki, akae na hesabu hizo ndipo agundue kwamba dada yake alikuwa akitoa fedha kwa hesabu ya nane nane badala ya kumi kumi.

Tukio hilo linachekesha, lakini Hopper alijifunza jambo zito. Kama mtaalamu wa hisabati analazimika kuisahau hesabu ya dukani ili aweze kuongea na mashine, basi mambo yamepinduliwa. Mashine ndiyo inayopaswa kujifunza lugha ya mtu.

Mwaka 1952 alikamilisha programu iliyoitwa A-0. Kazi yake ilikuwa kuchukua orodha fupi ya maagizo, kwenda kwenye ghala la vipande vilivyokwisha kujaribiwa, kuvichota kimoja kimoja na kuviunganisha kuwa programu moja. Programu za aina hiyo zinaitwa kompaila. Kunakili kwa mkono kukaanza kufikia ukomo.

Mapokezi yalikuwa baridi. Watu walimwambia kwamba kompyuta hufanya hesabu tu, haiwezi kuandika programu, na ilichukua muda mrefu kabla wengi hawajakubali kuitumia. Sababu moja ilikuwa mazoea. Nyingine ilikuwa masilahi, kwani waandishi wa programu walikuwa wachache, na uchache huo uliwapa heshima. Aliyeshika siri ya mashine alikuwa kama mshika ufunguo wa ghala la kijiji.

Hopper aliendelea mbele. Alitaka mtu wa ghala au mhasibu aweze kuandika maagizo kwa maneno ya kawaida: soma orodha ya bidhaa, linganisha namba ya bidhaa na orodha ya bei, zikilingana zidisha idadi kwa bei, andika jibu. Ili kuwaonyesha wakubwa wake kwamba kwa mashine maneno ni alama tu, timu yake ilitayarisha mfano ule ule kwa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Wakubwa walishtuka. Kompyuta ya Kimarekani kuelewa Kifaransa na Kijerumani waliona ni jambo lisilowezekana, na ikabidi waahidiwe kwamba Kiingereza tu ndicho kitakachotumika.

Kazi hiyo ilizaa lugha ya FLOW-MATIC, iliyotumika katika UNIVAC kabla miaka ya 1950 haijaisha.

Lugha moja kwa mashine zote

Likabaki tatizo jingine. Kila kampuni ya kompyuta ilikuwa na lugha yake, hivyo aliyenunua mashine ya kampuni moja alifungwa nayo. Kuhamia nyingine kulimaanisha kuandika programu zote upya.

Mwaka 1959 mtaalamu mwingine mwanamke, Mary Hawes, alianzisha wito wa kuwa na lugha moja ya biashara. Mei mwaka huo watengenezaji, wateja na maofisa wa Serikali walikutana katika makao makuu ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Kamati iliyoundwa ilitoa lugha ya COBOL, ambayo ilichota sana kutoka FLOW-MATIC. Hopper hakuiandika peke yake, na waliokuwemo kwenye kamati walikuwa wengi, lakini alikuwa mshauri na mpiga debe wake mkubwa.

Desemba 1960 programu ile ile ya COBOL iliendeshwa kwenye mashine mbili za kampuni zinazoshindana, na zote mbili zikafanya kazi. Serikali ya Marekani ilipoweka wazi kwamba inataka mashine zinazoielewa COBOL, watengenezaji hawakuwa na njia nyingine. Hadi leo benki na ofisi nyingi za Serikali duniani zinaendesha shughuli zake kwa programu za lugha hiyo.

Tanganyika ilipata uhuru mwaka mmoja tu baada ya jaribio hilo. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mradi wa kuendesha hesabu za Serikali kwa kompyuta ulileta hasara, kwa kuwa wataalamu wazalendo walikuwa wachache na utegemezi kwa wageni ulikuwa mkubwa. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na miaka ilipita kabla masharti hayo hayajalegezwa. Nchi nzima ikajifunza kwa gharama kile ambacho chama cha msingi chaweza kujifunza kwa bei nafuu: mashine usiyoweza kuisimamia mwenyewe ni mzigo.

Ng'ombe wawili badala ya mmoja

Mwisho wa mwaka 1966 jeshi lilimstaafisha Hopper kwa sababu ya umri. Miezi kadhaa baadaye, Agosti 1967, lilimwita tena kwa miezi sita tu, asaidie kuweka utaratibu mmoja wa lugha za kompyuta jeshini. Miezi hiyo sita iligeuka kuwa miaka 19.

Katika kipindi hicho alizunguka kila mahali akifundisha. Alizoea kugawa vipande vya waya vyenye urefu wa takriban sentimeta 30, ambao ndio umbali wa juu kabisa ambao umeme unaweza kusafiri kwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Ofisini alitundika saa inayozunguka kinyume lakini inayosema wakati sahihi, ili kuwakumbusha watu kwamba mazoea si sheria.

Alipinga pia imani kwamba dawa ya kila tatizo ni kununua mashine kubwa zaidi. Mfano wake ulikuwa wa wakulima wa zamani waliokokota magogo kwa ng'ombe. Gogo lilipomshinda ng'ombe mmoja, hawakutafuta namna ya kumkuza awe mkubwa zaidi, bali walimwongezea mwenzake. Kwa Hopper, kompyuta nyingi ndogo zilizounganishwa zingeshinda jitu moja.

Alistaafu Agosti 14, 1986, akiwa na miaka 79 na cheo cha Rear Admiral. Baada ya hapo kampuni ya kompyuta ya Digital ilimchukua kuwa mshauri, kazi aliyoifanya hadi mwisho wa uhai wake. Alizikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya Arlington. Meli ya kivita iliyopewa jina lake ilianza kazi mwaka 1997, na mwaka 2016 Rais Barack Obama alimtunuku, akiwa marehemu, nishani ya juu ya raia nchini Marekani.

Kutoka COBOL hadi wingu

Mambo mawili aliyoyapigania Hopper leo yamefika vijijini.

La kwanza ni kile wataalamu wanachokiita wingu. Taarifa za duka au chama hazikai tena kwenye kompyuta moja iliyo juu ya meza ya katibu meneja. Zinakaa kwenye maelfu ya kompyuta zilizounganishwa mahali pengine, na mtumiaji anazifikia kwa intaneti. Kompyuta ya ofisini ikiungua au ikiibwa, daftari linabaki.

La pili ni zana zinazomwezesha mtu kutengeneza programu kwa kuchagua na kupanga vipande, karibu bila kuandika maagizo. Zamani chama kilichotaka programu ya kupokea mazao kilimwita fundi, kikasubiri miezi, kikanunua kompyuta, na kila bei ya kahawa au makato yalipobadilika fundi aliitwa tena. Akihama au akigombana na bodi, aliondoka na neno la siri. Sasa karani mwenye elimu ya sekondari na mafunzo mafupi anaweza kutengeneza fomu ya kupokea kilo, na akaibadilisha mwenyewe.

Faida kubwa ni kwa mkulima. Adha ya butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado maua kwa bei ya kutupwa, hutokana na shida ya fedha kabla ya mavuno. Mkulima mwenye kumbukumbu safi za kilo alizouza kwa misimu minne au mitano ana kitu cha kuonyesha anapoomba mkopo SACCOS au benki. Asiye na kumbukumbu hubaki na neno lake tu.

Lakini hakuna kisicho na gharama. Wingu linahitaji mtandao, umeme na bando. Huduma nyingi hulipiwa kila mwezi, na nyingine kwa fedha za kigeni. Aliyeacha kumtegemea fundi wa Kayanga anaweza kujikuta anaitegemea kampuni iliyo ng'ambo, ambayo hata haijui Karagwe iko wapi.

Mambo ya kuzingatia

Maisha ya Hopper yanatoa mwongozo kwa chama au mfanyabiashara anayetaka kuhama kutoka mfumo wa zamani.

Kwanza, andika kazi yenyewe kabla ya kutafuta programu. Nani anapima, nani anasaini, makato ni yapi, mkulima anapewa nini mkononi? Kama utaratibu wa daftari ni mbovu, simu itaharakisha ubovu huo.

Pili, uliza kama unaweza kuhama. Jaribio la mwaka 1960 la mashine mbili lilihusu jambo hili hasa. Kabla ya kulipa, mtake muuzaji akuonyeshe unavyoweza kutoa taarifa zako zote na kuzifungua mahali pengine. Akisita, mwache.

Tatu, usifupishe kinachoweza kuhitajika kesho. Programu nyingi za zamani ziliandika mwaka kwa tarakimu mbili ili kubana nafasi, na mwaka 2000 ulipokaribia dunia ilitumia fedha nyingi kurekebisha. Jina kamili la mkulima, namba yake ya uanachama na tarehe kamili viandikwe tangu mwanzo.

Nne, neno la siri lisiwe la mtu mmoja. Mwenyekiti na katibu meneja wote wawe na njia ya kufikia taarifa, na kila mabadiliko yaonyeshe aliyeyafanya.

Tano, taarifa za wanachama si mali ya kuuza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inambana kila anayekusanya majina, namba za simu na taarifa nyingine za watu.

Sita, msimu wa kwanza endesheni daftari na simu sambamba, na kila jioni jumla zilinganishwe. Zikitofautiana, andikeni hitilafu hiyo, siku na saa yake, kama walivyofanya wenzao Hopper walipomkuta nondo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari linaweza kubadilika umbo, likatoka kwenye karatasi likaenda kwenye simu, lakini mkulima wa Ihembe anayeuza kahawa yake asiondoke mizanini kabla hajasoma mwenyewe kilo zilizoandikwa na kupewa stakabadhi yake.